Endometriosisi: kidonda kinachojitengenezea estrojeni

"Ukizaa yataisha." Hapa Bukavu, wasichana wengi wanaolazwa chini na hedhi kila mwezi huambiwa hivyo, kisha hununuliwa vidonge sokoni Kadutu. Baadhi yao wana endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, kwenye ovari au nyuma ya kizazi karibu na utumbo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata wanawake 10 hivi kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa.

Tishu hiyo, tunayoiita kidonda, huishi kwa estrojeni, homoni ya kike, na haingojei ile ya ovari tu. Ndani yake mna kimeng'enya, yaani protini inayogeuza kemikali za mwili, kiitwacho aromatasi, ambacho utando wa kizazi chenye afya karibu hauna kabisa. Kimeng'enya hicho huchukua androjeni, homoni za kiume ambazo wanawake pia wanazo, zitokazo kwenye ovari na tezi za juu ya figo, kikazigeuza estroni, estrojeni dhaifu. Kimeng'enya kingine, 17-beta-HSD aina ya 1, huigeuza estroni kuwa estradioli yenye nguvu. Katika kizazi chenye afya, homoni nyingine ya kike, projesteroni, huamsha 17-beta-HSD aina ya 2, ambayo huirudisha estradioli kuwa estroni. Kidonda hakiitikii projesteroni vizuri: aina ya 2 hupungua na estradioli hujaa.

Estradioli huchochea prostaglandini, zinazoleta maumivu. Prostaglandini nazo huamsha aromatasi. Ni moto unaojitafutia kuni. Ndiyo maana ibuprofeni, inayozuia prostaglandini, huwafaa wengi ikimezwa mapema, baada ya kula, kabla maumivu hayajapanda. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Kati ya dawa zake, projestini, zinazoiga projesteroni, ndizo zinazokataliwa zaidi, na hilo linanisikitisha. Zipo za vidonge, ipo na sindano ya miezi mitatu, ileile ya uzazi wa mpango, na watu husema inaua kizazi. Haiui. Hutuliza ovari, estrojeni ikashuka, vidonda vikanyauka. Baada ya sindano ya mwisho mimba inaweza kukawia miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kwa hiyo mama anayetafuta mtoto sasa amwambie daktari mapema apangiwe njia nyingine. Wala dawa hizi haziung'oi ugonjwa. Zikiachwa, maumivu yanaweza kurudi.

Dawa za kuzuia aromatasi yenyewe, kama letrozoli, tunaziweka kwa wagonjwa walioshindikana. Kwa mwanamke anayepata hedhi, letrozoli peke yake huchochea ovari, hivyo huandamana na dawa nyingine. Usijinunulie famasi.

Dada anayekosa shule au kazi kila hedhi, mama anayeumia wakati wa tendo la ndoa au anapokwenda haja kubwa siku za hedhi, na aliyekaa mwaka mzima akitafuta mimba bila kuipata, waje hospitalini. Waandike siku za maumivu kwenye daftari, wamwonyeshe daktari. Na ekografi, picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, ikitoka safi, wasikubali kuambiwa hawana kitu: vidonda vidogo mara nyingi havionekani humo.