Norwe haiko Umoja wa Ulaya, lakini imo sokoni

Wengi husema Norwe imekaa nje ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo hujipangia sheria zake za biashara. Nusu ya kwanza ni kweli: wananchi walikataa uanachama kwa kura ya maoni mwaka 1972, wakakataa tena 1994. Nusu ya pili si kweli. Tangu Januari 1994, mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya umeiingiza nchi hiyo katika soko la pamoja. Bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi huvuka mpaka, na sheria za soko hilo Norwe huzichukua bila kuwa na kura zinapopitishwa. Kwangu, hiyo ni bei kubwa.

Ila soko la pamoja si umoja wa forodha, yaani nchi zisizotozana ushuru na zenye ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Tazama lori la samaki aina ya salmoni linaloingia Uswidi kupitia Svinesund: dereva kwa kawaida haulizwi pasipoti, kwa kuwa Norwe imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti mipakani mwao kwa kawaida, lakini mzigo lazima uwe na hati za forodha. Tena, samaki hawamo kikamilifu katika mkataba huo: salmoni mbichi hutozwa ushuru wa asilimia 2. Wa kuvutwa moshi, asilimia 13. Hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda vingi vya kuwakausha kwa moshi kuwa Poland, ndani ya Umoja wa Ulaya.