Karantini ya mimea ni nini? Mche usiwe "waja leo wapandwa leo"

Jioni moja nimekaa zangu kwenye bustani ya watu wote hapa Tanga mjini, upepo wa bahari unapiga, akaja mama mmoja na miche mitatu ya migomba kwenye ndoo, kaitoa shambani kwake Muheza anataka ipandwe pale kwenye kona iliyo wazi. Mzee anayetunza bustani akapokea, akashukuru, alafu badala ya kuchimba shimo akaipeleka nyuma ya stoo ikakae peke yake. Akamwambia, "Mama, mgeni wako huyu alale nje kwanza." Mama akanuna kweli. "Kwani miche yangu ina nini baba? Si unaiona ilivyo mizuri?"

Sasa hapo ndo penyewe. Alichofanya mzee kinaitwa karantini ya mimea, na wengi tunaichanganya na kumtenga mgonjwa. Mmea ambao ushaonyesha ugonjwa hauwekwi karantini, huo unang'olewa na kuteketezwa. Karantini ni ya huyu mzuri, anayeonekana mzima, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umeingia ndani ila haujatoka usoni, kwa hiyo unaupa muda ujisemee wenyewe. Neno tulilizoea wakati wa korona, lakini asili yake ni Kiitaliano, quaranta, yaani arobaini, zamani kule Venice meli zilingojeshwa siku 40 kabla watu hawajashuka. Kwa mimea usikariri hiyo 40, kila ugonjwa una muda wake wa kujificha.

Na sisi watu wa Tanga tusijifanye hatuyajui haya. Ugonjwa wa batobato wa muhogo uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutokea huku huku Usambara, na ule wa michirizi ya kahawia alikuja kuueleza mtafiti Storey mwaka 1936, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Huo wa michirizi ndo mwalimu mzuri wa karantini, maana shina linaweza kuonekana halina neno, unamkatia jirani vijiti kwa roho safi, na yeye anamkatia shemeji yake, mje mshtuke siku ya kuchimba mnakuta muhogo ndani una mabaka ya kahawia umekauka kama gome, na hapo vijiti vishafika vijiji vitatu.

Kwa migomba balaa lingine ni mnyauko wa bakteria, Kagera uliingia mwaka 2006 ukawaliza watu. Huu unabebwa na wadudu wanaofuata ua la mgomba, unabebwa na miche, na unabebwa na panga. Ukikata mgomba mgonjwa ukahamia mzima na panga lile lile, umeuambukiza. Ndo maana wanashauri panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa jiki kabla ya kuhamia shina lingine, na lile ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, chuma kisiguse kabisa.

Kwa hiyo karantini ya bustani haina maajabu: kona ya mbali, upande wa chini ili maji ya mvua yasitoke huko kwenda kwa wenzake, jembe lake, ndoo yake, na mtu wa kupita kuangalia majani juu na chini. Udongo uliokuja na mche nao ni mgeni, wengi hapa ndo wanapigwa. Kwa ngazi ya nchi ni kazi ya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ndo hao wakaguzi unaowakuta mipakani kama Horohoro wakikuuliza umebeba mbegu gani, na unawaona kero.

Nilimuelezea yule mama hivi hivi, akapoa kidogo, akasema sawa atapita kuiangalia. Ila mzee nae ana tundu lake. Wakati tunaongea, kijana wake alikuwa huko nyuma ya stoo anapunguza majani ya ile miche mitatu, kamaliza kapangusa panga kwenye suruali, akaenda moja kwa moja kwenye migomba ya zamani pale getini.