Mgane wa Spokane: yanayosemwa kuhusu Siku ya Baba na yaliyotokea

Neno mjane kila mtu analijua. Ukitamka mgane, mwanamume aliyefiwa na mkewe, wengi watakuuliza maana yake, kana kwamba wanaume hao hawapo duniani. Ndiyo maana huniuma kila Juni ninaposikia Siku ya Baba ikizungumziwa bila kumtaja mgane aliyesababisha ianzishwe. Aliitwa William Jackson Smart, mkulima wa jimbo la Washington, Marekani, aliyewahi kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Kumhusu yeye na siku yenyewe kuna mengi yanayorudiwa ambayo si kweli, au ni kweli nusu.

"Siku hii ilibuniwa na wafanyabiashara"

Wafanyabiashara waliingia, ila walichelewa. Baraza la wauza nguo za kiume la New York lilianza kuipigia debe siku hiyo mwaka 1938, na Sonora, binti wa Smart aliyeianzisha, hakuwakataa. Lakini kufikia hapo ilikuwa imeshatimiza miaka 28, na haikuzaliwa dukani. Ilizaliwa kanisani.

Mwaka 1909 binti huyo, Sonora Smart Dodd, alikuwa kanisani mjini Spokane, katika jimbo hilo la Washington, akisikiliza mahubiri ya Siku ya Mama, siku iliyokuwa bado changa kabisa. Akamwambia mchungaji wake kwamba akina baba nao wanastahili siku yao. Aliomba iwe tarehe 5 Juni, siku aliyozaliwa baba yake. Wachungaji wa mji wakaona muda wa kutayarisha mahubiri ni mfupi, wakaisogeza hadi Jumapili ya tatu ya mwezi, tarehe 19 Juni 1910. Jumapili ya tatu ya Juni, inayofuatwa leo katika nchi nyingi, chanzo chake ni hicho tu: wahubiri waliohitaji wiki mbili zaidi.

Siku hiyo watu walivaa mawaridi. Aliyekuwa na baba hai alivaa jekundu, aliyefiwa na baba akavaa jeupe. Sonora mwenyewe, aliyekuwa na mtoto mchanga, alizunguka mjini kwa gari la farasi akiwapelekea zawadi akina baba wasioweza kutoka nyumbani.

"Mwanamume hawezi kulea, mama akifa watoto wamepotea"

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tuna methali yetu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nimesikia ikitumiwa kuwahurumia watoto wa mgane mbele yake, akiwa amekaa hapo hapo. Si haki. Methali hiyo inamsema mtoto aliyekataa mafunzo, haimsemi mtoto aliyenyang'anywa mama na kifo.

Ellen, mke wa Smart, alifariki mwaka 1898 akijifungua mtoto wao wa sita. Hebu iangalie nyumba hiyo: shamba kati ya vijiji vya Creston na Wilbur, kichanga anayeitwa Marshall ambaye hatamjua mama, wavulana wengine wanne, msichana mmoja wa miaka 16, na mwanamume mmoja. Smart hakuigawa familia. Alibaki shambani na watoto wake, akawalea. Miaka kumi na moja baadaye, binti yake aliposikia akina mama wakisifiwa, alimkumbuka yeye, kwa sababu kazi iliyokuwa ikisifiwa mimbarini alikuwa ameiona ikifanywa na mikono ya mwanamume.

"Aliwalea wote peke yake"

Husemwa kwa nia njema, lakini kunamfuta mtu. Sonora alikuwa binti pekee na mkubwa wa hao sita, na malezi ya wadogo zake watano aliyabeba pamoja na baba yake. Katika nyumba nyingi za wagane yuko msichana wa namna hii. Wageni wakija humpa pole baba na kumpita yeye mlangoni akiwa na mtoto mkononi. Alifiwa na mama, na wiki hiyo hiyo akawa nusu mama. Ushujaa wa Smart hauhitaji kukuzwa kwa kumficha bintiye. Nadhani heshima aliyompa baba yake ina uzito kwa sababu alijua kazi yenyewe, hakuwa mtazamaji.

"Spokane ndiko ilikoadhimishwa mara ya kwanza"

Hapana. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka huko Monongah, West Virginia, ukaua watu zaidi ya 360, wengi wao akina baba. Grace Golden Clayton, aliyekuwa ameshampoteza baba yake, aliomba ibada ya kuwakumbuka, ikafanyika Fairmont, mji wa jimbo hilo hilo, tarehe 5 Julai 1908. Haikurudiwa mwaka uliofuata, ndiyo maana ya Spokane ndiyo iliyoenea.

"Serikali iliikubali mara moja"

Siku ya Mama ilitambuliwa rasmi mwaka 1914. Ya baba ilisubiri hadi 1972, Rais Nixon alipotia saini sheria. Katikati Rais Coolidge aliiunga mkono mwaka 1924, Rais Johnson akatoa tangazo mwaka 1966, na Bunge likawa linasita kwa kuogopa kwamba itageuzwa biashara. Mwaka 1957 seneta Margaret Chase Smith aliwaambia wenzake wazi: tuwaheshimu wazazi wote wawili, la sivyo tusimheshimu hata mmoja.

"Mzazi huenziwa akishazikwa"

Watu wengi hudhani Sonora alikuwa akimlilia marehemu. Smart alikuwa hai tarehe 19 Juni 1910, na aliishi hadi 1919, kwa hiyo aliona mji mzima ukifanya ibada kwa sababu ya malezi yake. Sheria ya 1972 ilimkuta Sonora ana miaka 90. Kwa desturi ile waliyoianza Spokane, waridi lake lilipaswa kuwa jeupe kwa zaidi ya nusu karne. Ila lile la mwaka wa kwanza lilikuwa la mtu mwenye baba hai.