Bridget Cleary hakuuliwa na imani ya majini peke yake: kilichotokea Ballyvadlea, Machi 1895

Kati ya kesi zote ninazofundisha kuhusu imani za jadi na mahakama, hii ya Bridget Cleary ndiyo naona inasimuliwa vibaya kuliko zote. Utaikuta mtandaoni kwa sentensi moja tu, kwamba mwaka 1895 kule Ireland mwanaume alimchoma moto mkewe akiamini kabadilishwa na majini, halafu watu wanaweka emoji ya mshangao wanapita. Si uongo, ila ukiishia hapo umewafuta ndugu waliojaa ndani ya ile nyumba, umezifanya siku mbili zilizo tofauti kabisa kuwa siku moja, na mume umempa kisingizio kilekile alichokipeleka mwenyewe mbele ya jaji.

Kwanza mjue Bridget alikuwa nani. Jina la kwao ni Boland, kijijini Ballyvadlea, kaunti ya Tipperary kusini mwa Ireland. Alijifunza ushonaji mjini Clonmel, na hukohuko ndiko alikokutana na Michael Cleary, fundi wa kutengeneza mapipa, wakaoana 1887. Alikuwa na cherehani yake ya Singer na wateja wake wa nguo na kofia, alifuga kuku anauza mayai, alivaa vizuri, hereni za dhahabu masikioni. Waliishi na baba yake, mzee Patrick Boland, kwenye nyumba mpya ya vibarua iliyojengwa na serikali za mitaa, nyumba nzuri kushinda za majirani wengi. Hawakuwa na mtoto ingawa ndoa ilikuwa inaelekea mwaka wa nane. Kijiji kizima cha watu wasio na kitu, halafu kuna dada wa miaka 26 ana hela yake mwenyewe mfukoni na hana mtoto mgongoni, unaweza kuwaza maneno yaliyokuwa yanapita.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ireland yote imejaa maboma ya kale ya udongo, ya duara, mabaki ya makazi ya watu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, yako makumi ya maelfu. Wakulima hawakuyalima wala kukata miti yake, kwa sababu humo ndimo walimokaa wale ambao watu waliwaita "watu wema", na waliwaita hivyo kwa woga, wasiwaudhi. Hao majini wa Ireland hawampandi mtu kichwani kama tunavyosikia kwetu, wao wanamchukua mtu mzimamzima wanaondoka naye kwenda kuishi naye bomani, na kitandani wanaacha mbadala anayefanana naye sura lakini mgonjwa, mkorofi, anakula hashibi au hali kabisa. Waliokuwa hatarini zaidi ni watoto wachanga, wavulana, na wanawake vijana walioolewa. Na dawa zake zilijulikana: mitishamba mikali iliyochemshwa kwenye maziwa, mkojo, chuma, kumuuliza jina mara tatu kwa jina la Mungu, na kumtishia kwa moto. Wazo lilikuwa kwamba mbadala akitishwa sana atakimbia, na yule wa kweli atarudishwa.

Zingatieni neno kutishia. Kwenye simulizi nyingi za zamani moto unaonyeshwa tu, jiko linawashwa, koleo linapashwa, mbadala anakurupuka anatoka mbio. Lakini watu wa kweli hawakurupuki wakawa kitu kingine. Mwaka 1826 kaunti ya Kerry mwanamke aitwaye Ann Roche alimzamisha mara kadhaa kwenye mto Flesk mtoto Michael Leahy ambaye hakuweza kutembea wala kuongea, mtoto akafa, na mahakama ya Tralee ikamwachia. Mwaka 1884 hapo hapo Clonmel wanawake wawili walikamatwa kwa kumweka mtoto wa miaka mitatu juu ya koleo la moto. Kwa hiyo siyo kwamba Ballyvadlea ilianguka kutoka mbinguni. Na ukiziangalia hizi kesi utaona wanaoitwa mbadala ni walewale kila mara: mtoto mlemavu, mgonjwa asiyepona haraka, mwanamke asiyetulia pale alipowekwa.

Tarehe 4 Machi 1895 Bridget alitembea kupeleka mayai kwa Jack Dunne, binamu wa baba yake, aliyekuwa anakaa karibu na kilima cha Kylenagranagh. Kilimani kuna boma. Ilikuwa baridi kali, akarudi nyumbani anatetemeka, kichwa kinamuuma, hali ikawa mbaya siku hadi siku. Mzee Boland alitembea hadi Fethard kumwita daktari, daktari hakuja, Michael naye akaenda, na daktari alipokuja kufika ilikuwa tarehe 13, siku tisa zimepita. Akaona ni mkamba kidogo na msongo wa neva, akaacha dawa. Padri Ryan naye akaja siku hiyohiyo akampa sakramenti ya wagonjwa. Lakini kabla ya wote hao alikuwa ameshapita Jack Dunne, mzee maarufu kwa hadithi za majini, alimtazama Bridget kitandani akasema huyu siye Bridgie Boland. Dawa za daktari Michael hakuziamini. Akaenda kwa mganga wa mitishamba, Denis Ganey, akarudi na majani.

Alhamisi tarehe 14 usiku, majirani wawili, William Simpson na mkewe, walifika kumjulia hali mgonjwa wakamkuta binamu yake Bridget, Johanna Burke, nje ya nyumba hawezi kuingia, mlango umefungwa na ndani kuna kelele. Walipofunguliwa waliona hivi: Dunne kamshika Bridget kichwa, binamu zake, vijana wa familia ya Kennedy, wamembana mikono na miguu, na Michael ana kijiko anamlazimisha kunywa yale majani kwenye maziwa. Wakamwagia mkojo. Wakamtikisa, wakapiga kelele Bridget arudi nyumbani kwa jina la Mungu. Kisha wakambeba hadi jikoni wakamshikilia juu ya wavu wa moto wanamuuliza, wewe ni Bridget Boland mke wa Michael Cleary, kwa jina la Mungu? Na yeye akajibu kwamba ni Bridget Boland, binti wa Patrick Boland, kwa jina la Mungu. Baba mzazi naye alikuwa anauliza. Shangazi yake yupo. Nyumba ndogo ile ilikuwa na watu zaidi ya kumi.

Ni unyama, sitafuti kuupaka sukari. Lakini angalieni ulivyoisha. Majibu yakawaridhisha, wakamrudisha kitandani, wakabadilisha nguo zake, watu wakatulia wakaona kazi imekwisha, Bridget ndiye Bridget. Usiku uleule habari ikaja kwamba baba yake Michael amefariki, baadhi ya vijana wa Kennedy wakatembea kwenda matangani. Michael hakwenda kumzika baba yake. Mimi hapa ndipo huwa nasimama na wanafunzi wangu kwa muda mrefu, kwa sababu tambiko kwa kanuni zake lenyewe lilikuwa LIMEFAULU. Waliolifanya walisema hivyo. Kesho yake asubuhi padri akaja akasoma misa palepale chumbani.

Halafu inakuja Ijumaa tarehe 15, na Ijumaa haikuwa na tambiko lolote, ilikuwa na mume mwenye hasira. Dunne, mjuzi wa mambo yote ya majini, hakuwepo. Majani hakuna. Ugomvi ulianza na maziwa: Bridget alitaka maziwa, Johanna akaleta, Bridget akamlipa shilingi, na ikasemekana aliisugua ile shilingi mwilini chini ya blanketi kabla ya kuitoa, Michael akadai ni uchawi, Bridget akakana. Jioni akainuka, akavaa nguo zake nzuri, akakaa na ndugu kwenye moto wanakunywa chai. Mtu aliyekuwa anapona. Maneno ya majini yakarudi tena, na Bridget akamwambia mumewe kwamba mama yake Michael ndiye aliyekuwa anakwenda na majini. Jamani, jibu kama hilo ni la mke aliyechoka, na kamtukania mama mtu ambaye baba yake kafa jana yake.

Michael akampa vipande vitatu vya mkate na jamu akataka kila kipande ataje jina lake kwanza. Viwili alikula. Cha tatu alichelewa kujibu. Akamwangusha chini, akamkandamiza kwa goti, akachukua kijinga cha moto akakisogeza mdomoni, shimizi ikashika moto, kisha akachukua taa akammwagia mafuta. Johanna Burke alikuwa palepale na binti yake mdogo. Baba yake Bridget alikuwepo, shangazi yupo, vijana wa Kennedy wako chumba cha pili. Mlango ulifungwa na ufunguo uko mfukoni kwa Michael, na kwa mujibu wa ushahidi aliwaambia kwamba anayechomwa siye Bridget. Usiku uleule yeye na Patrick Kennedy wakaubeba mwili wakaufukia kwenye kaburi fupi, umbali mdogo tu kutoka nyumbani.

Baada ya hapo ndipo inakuja ile sehemu watu wanaipenda sana, kwamba alikwenda bomani Kylenagranagh usiku tatu mfululizo na kisu cha mpini mweusi, akisubiri mkewe atoke amepanda farasi mweupe ili akate kamba amwokoe. Wapo wanaosema hii inathibitisha aliamini kwa moyo wote. Inawezekana kabisa aliamini. Lakini mtu anaweza kuua kwa hasira Ijumaa na kuja kuamini Jumapili kwa sababu hana pengine pa kujificha, na mimi kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, naona imani yake ilizidi kuwa kubwa baada ya kifo, siyo kabla. Jumamosi alikuwa kanisani Drangan analia, anataka kuungama, na ni Dunne aliyemsukuma kwenda kwa padri. Anayeamini kwamba kachoma jini ana cha kuungama gani?

Polisi waliupata mwili tarehe 22 Machi. Maziko yake yalifanyika Cloneen usiku, polisi ndio waliomzika, hakuna ndugu wala padri. Familia nzima iko rumande, na waliobaki nje hawakutaka kuonekana.

Siasa nazo zikaingia, na huku ndiko kwenye uhusiano na sisi. Miaka ile kulikuwa na mvutano mkubwa wa Home Rule, yaani Ireland iwe na bunge la kujiendeshea mambo yake, na muswada wa pili ulikuwa umekwama kwa malodi, yaani baraza la juu la bunge la Uingereza, mwaka 1893. Magazeti yaliyopinga yakaidaka kesi hii kama zawadi: watu wanaochoma wake zao kwa ajili ya majini mnataka wajitawale? Wakulima wa Tipperary wakafananishwa na watu wa Afrika, na ulinganisho huo ulikuwa tusi kwa pande zote mbili. Kesi ilisikilizwa Clonmel mwezi Julai 1895, mwezi uleule ambao Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Hoja ni moja kule na huku, kwamba hawa wana ushirikina hivyo lazima watawaliwe. Hakuna gazeti kati ya hayo lililokuwa linamlilia Bridget.

Shahidi mkuu alikuwa Johanna Burke, alikamatwa kama wengine ila akageuka shahidi wa serikali. Kosa la Michael likashuka likawa kuua bila kukusudia, jaji William O'Brien akampa miaka 20 na kazi ngumu. Patrick Kennedy miaka 5, Dunne miaka 3, William na James Kennedy miezi 18 kila mmoja, na mzee Boland na Michael Kennedy miezi 6. Shangazi akaachiwa. Mganga Ganey aliachiwa mapema maana hakukanyaga nyumba ile, na hapo naona mahakama ilifanya sawa, alitoa majani, hakutoa mafuta ya taa.

Lile punguzo la Michael ndilo linaloniuma. Imani ilihesabiwa kama kitu kilichomvaa akashindwa kujizuia, wakati ushahidi wa ndugu wa Bridget mwenyewe unaonyesha imani ilishakamilisha kazi yake Alhamisi na kumrudishia mke. Watoto wa Ireland wakabaki na kimwimbo kinachouliza wewe ni mchawi, au ni jini, au ni mke wa Michael Cleary, yaani machaguo matatu na hata moja halina jina la Bridget. Michael alitumikia miaka 15, akatoka Aprili 1910, akapitia Liverpool, na mwaka huohuo akapanda meli kwenda Montreal.