Nyumba pacha za enzi za Malkia Victoria

Nyumba pacha ni nyumba mbili zinazochangia ukuta mmoja wa kati, kila moja ikiwa na mlango wake, ngazi zake na bustani yake. Aliyekulia kota atalitambua umbo hilo mara moja. Lakini kule Uingereza, mwishoni mwa utawala wa Victoria (1837–1901), halikuwa suala la kubana matumizi tu. Kulikuwa na kiini macho ndani yake.

Mtu wa tabaka la kati hakumudu jumba la peke yake, wala hakupenda kubanwa ndani ya safu ndefu ya nyumba zilizoshikana. Mjenzi akampa nusu ya jumba. Ukilitazama kutoka barabarani unaona paa moja na uso mmoja, upande wa kushoto ukirudia wa kulia kama mtu na kioo. Mmoja akipaka nusu yake rangi huku jirani akiacha matofali yake mekundu, kiini macho kinaishia hapo.

Siri ya nyumba hizi iko kwenye ukuta wa kati. Milango ikiwekwa kwenye ncha mbili za nje, sebule zinaegemea ukuta huo na meko za nyumba zote mbili zinapeana mgongo. Joto linabaki ndani, na moshi wote unatokea kwenye dohani moja kubwa katikati ya paa. Ubaya wake, jirani akipiga piano unaisikia yote. Milango ikiwekwa pamoja katikati, ukumbi na ngazi ndivyo vinavyopakana, kwa hiyo sebuleni kunatulia. Lakini meko mara nyingi huhamia ukuta wa nje, na sehemu ya joto huishia hewani. Binafsi ningechagua joto, piano nitaizoea.

Hesabu vyungu vya udongo vilivyo juu ya dohani. Kwa kawaida kila meko ilikuwa na njia yake ya moshi na chungu chake, hivyo ukiwa barabarani tu unaweza kukisia ni vyumba vingapi viliwashwa moto.

Madirisha yanayotokeza mbele nayo yana historia yake. Ushuru wa vioo ulifutwa 1845, wa matofali 1850, na kodi ya madirisha 1851. Kioo kikashuka bei, na mjenzi akaanza kukitumia bila woga.

Mfano mzuri ni Bedford Park, magharibi mwa London, mtaa ulioanzishwa 1875 na Jonathan Carr karibu na stesheni ya Turnham Green. Msanifu Norman Shaw alichora baadhi ya nyumba zake, pacha zikiwemo: matofali mekundu, mbao zilizopakwa rangi nyeupe, vigae. Jikoni palitolewa chini ya ardhi, walikozoea kufichwa watumishi, pakaletwa ghorofa ya chini. Nyumba 356 za mtaa huo ziliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 1967.

Ukuta wa kati una hata sheria yake, ya mwaka 1996, kwa England na Wales. Ukitaka kuutoboa upitishe boriti ya chuma, sharti umpe jirani taarifa ya maandishi miezi miwili kabla.