Chonge ya juu iliyokwama: picha ipi ipigwe, na isomwe vipi

Ukiacha magego ya mwisho, jino linalokwama mara nyingi zaidi ni chonge ya juu. Huota ikitokea mbali, juu karibu na pua, na hutarajiwa kinywani kwenye miaka 11 au 12. Ikipotea njia hulala ndani ya taya, ama upande wa kaakaa (ndani) ama upande wa mdomo (nje). Mpango wote wa matibabu unaanzia hapo: iko upande gani? Ukikosea, ufizi utapasuliwa mahali ambapo jino halipo.

Kabla ya eksirei kuna kidole. Mtoto akifika miaka 9 au 10, papasa ufizi juu ya chonge ya utotoni, upande wa mdomo. Uvimbe mgumu wa chonge inayokuja ukiwapo kushoto na kulia, subiri. Ukiwapo upande mmoja tu, piga picha.

Ninaanza na panorama, ile ya taya zima. Naangalia ncha ya chonge imefika wapi ukilinganisha na mzizi wa jino la mbele la pembeni, na imeinama kiasi gani kutoka mstari wa kati wa uso. Watafiti wa meno Ericson na Kurol walionyesha mwaka 1988 kwamba kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 waliong'olewa chonge ya utotoni, chonge ya kudumu iliyokuwa upande wa kaakaa ilirudi njiani katika asilimia 91 ya visa pale ncha ilipokuwa haijavuka katikati ya mzizi huo. Ilipokuwa imevuka, asilimia 64. Kung'oa jino dogo ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo inafaa kujaribiwa mapema, mradi nafasi ipo. Rudia picha baada ya miezi 6 hadi 12. Usipime milimita kwenye panorama: hukuza vitu, na chonge iliyo kaakaani hukuzwa zaidi.

Panorama peke yake haikuambii mbele au nyuma. Piga picha mbili ndogo: ya kwanza mrija wa mashine ya eksirei ukielekea meno ya kati, ya pili ukiusogeza kuelekea magego. Linganisha chonge na mzizi wa jino la pembeni. Ikifuata mrija, iko kaakaani. Ikienda kinyume chake, iko upande wa mdomo. Kosa la kawaida ni kuhamisha mrija kidogo mno, halafu watu wanabishana juu ya kivuli.

CBCT, yaani picha ya pande tatu, naiomba pale tu jibu lake litakapobadilisha mpango: mzizi wa jino jirani unaposhukiwa kuliwa na chonge, au picha za kawaida zinapopingana. Omba eneo dogo, kama sentimita 5 kwa 5, wala si kichwa kizima. Mionzi ya mtoto si ya kuchezea. Fuata mzizi wa jirani kipande kwa kipande. Shimo lililo upande wa mdomo au wa kaakaa hufichwa na mzizi wenyewe kwenye picha bapa, ndiyo maana panorama safi haimaanishi mzizi ni mzima.

Sasa kuivuta chonge hadi mahali pake. Kwanza fungua nafasi kwa waya, kwa kawaida milimita 8 hivi, ndipo mpasuaji afunue taji na kubandika kinyororo cha kuvutia. Damu au mate yakigusa enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyokwisha kupakwa asidi ili gundi ishike, kinyororo kitabanduka. Asifunue hadi shingo ya jino, kwani mfupa hupungua hapo. Mwelekeo wa kuvuta hutoka kwenye picha: chonge ya kaakaani iliyoegemea mzizi wa jirani huvutwa kwanza kuelekea kaakaani, mbali na mzizi, na baadaye ndiyo iletwe kwenye safu. Wanaoivuta moja kwa moja kwenye waya wanausaga mzizi wa jirani. Nguvu iwe ndogo, takriban gramu 60.

Chonge isiposogea kwa miezi kadhaa huku meno jirani yakipanda juu na kuacha mwanya wakati wa kuuma, usiongeze nguvu. Huenda imegandana na mfupa, na CBCT haitoi uhakika wa hilo kila mara. Acha kuvuta, mrudishe mgonjwa kwa mpasuaji achunguze kama jino linatikisika.