Saa ya Kiswahili Si Ukanda wa Saa

Wiki hii nimeletewa tena mfumo wa kuuza tiketi za mabasi wenye kosa ambalo nimelisahihisha katika mifumo mingi hapa Mbeya, na kijana aliyeuandika alinieleza kwa kujiamini kwamba saa ya Kiswahili hupatikana kwa kutoa saa sita. Nilimwomba anioneshe mahali alipozitoa. Alikuwa amezitoa kwenye wakati wenyewe: aliuchukua wakati wa basi kuondoka, akaurudisha nyuma saa sita, kisha akaiagiza programu iandike tarehe na saa ya wakati huo mpya.

Nawaomba wenzangu mlitazame kosa hili kwa makini, kwa sababu linajificha vizuri. Mara ya kwanza nililiona kwenye tiketi ya mama mmoja wa Uyole, Juni 2024. Basi lake lilikuwa la Alhamisi tarehe 13, saa 05:00. Ukitoa saa sita unapata Jumatano tarehe 12, saa 23:00, na mfumo uliotumia mzunguko wa saa 12 ukaandika 11:00. Neno «alfajiri» lilitokana na saa halisi, kwa hiyo tiketi ilisomeka «Jumatano 12 Juni, saa 11:00 alfajiri». Saa ilikuwa sahihi na kipindi kilikuwa sahihi, ila siku ndiyo iliyokuwa ya uongo. Mama yule alifika stendi siku moja kabla, na magunia mawili ya viazi, katika baridi ya Juni ambayo kila mkazi wa nyanda za juu anaijua, akaambiwa kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya abiria. Sijaisahau tiketi ile, na ndiyo maana nakosa subira ninapoambiwa kwamba hili ni jambo dogo la namna saa inavyooneshwa.

Kosa halionekani kwenye majaribio kwa sababu sisi hujaribu mifumo yetu mchana tukiwa ofisini, na wakati wowote kuanzia 06:00 hadi usiku wa manane, kutoa saa sita hakuivuki tarehe. Linajitokeza kati ya 00:00 na 05:59 peke yake, na mabasi mengi ya safari ndefu kutoka huku kwetu huondoka humo humo.

Ukanda wa saa, yaani eneo linalotumia saa moja rasmi, una usiku wa manane wake, ambapo tarehe hubadilika. Saa ya Kiswahili haina usiku wa manane wa peke yake: kalenda ya ukutani hubadilika saa sita usiku, na huo ndio wakati ule ule ambao simu huandika 00:00. Tulichonacho ni namna yetu ya kuzitaja saa, kama tulivyo na majina yetu ya siku, na hakuna anayeusogeza wakati ili Thursday iitwe Alhamisi. Wapo wanaojitetea kwamba saa yetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza, hivyo ni wakati mwingine kweli. Chimbuko lake ni hilo, lakini saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban dakika 46. Mwezi Juni huchomoza karibu saa moja, na saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Tunaiita saa kumi na mbili vilevile.

Njia iliyo sahihi ni fupi. Uache wakati kama ulivyo, usome tarehe na siku humo, kisha uchukue namba ya saa peke yake na kuibadilisha kwa `(saa + 6) % 12` (alama `%` hutoa baki baada ya kugawanya), na jibu likiwa sifuri uandike 12. Saa 5 inakuwa 11, saa 7 inakuwa 1, saa 18 inakuwa 12.

Dakika ndizo zilizonichosha zaidi. Mtu wa kawaida hasemi «saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano», husema «saa moja kasorobo», kwa hiyo dakika zikipita 30 ni lazima saa inayotajwa iwe ile inayofuata. Hilo ni rahisi. Tatizo ni neno la kipindi. Mwanzoni nililitoa kwenye wakati halisi, na saa 11:45 ikaandikwa «saa sita kasorobo asubuhi», jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa na mtu yeyote. Sote husema «mchana». Nikabadilisha, kipindi kikaifuata saa inayotajwa, na sasa 18:45 ikawa «saa moja kasorobo usiku», wakati Desemba hapa Mbeya muda huo bado kuna mwanga na watu husema «jioni» bila kusita. Nimetafuta kanuni moja inayozitosheleza zote mbili na sijaipata. Ninachotumia leo ni jedwali nililoliandika kwa mkono, robo saa kwa robo saa, na nakiri kwamba linafuata masikio yangu mwenyewe.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa ufupi. Hifadhini wakati kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na ukanda uandikwe kwa jina lake, `Africa/Dar_es_Salaam`, badala ya kujumlisha 3 kwa mkono. Ni kweli kwamba Tanzania haibadilishi saa kwa misimu, na ndani ya nchi namba hiyo 3 haitakuangusha. Seva iliyokodiwa nje ndiyo itakayokuangusha. Ikiwa imewekwa kwa saa za Chicago nawe ukajumlisha 9 mwezi Januari ili upate saa yetu, Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani watasogeza saa zao mbele na ratiba yako yote itatangulia kwa saa moja. Tena, katika lugha ya programu ya JavaScript tarehe iliyoandikwa peke yake, kama `new Date("2024-06-13")`, husomwa kuwa usiku wa manane wa UTC. Ukiona mfumo wako umejaa safari za saa tisa usiku ambazo hakuna aliyezipanga, anza kutafuta hapo.

Jambo la mpakani linahitaji maneno zaidi, kwa sababu vitabu vingi hushauri kumwonesha mtumiaji wakati kwa ukanda wa kifaa chake. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Abiria aliyeko Tunduma, simu yake ikinasa mtandao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, huweza kurudishwa nyuma saa moja bila yeye kugusa chochote, na kivinjari kitasema kwamba yuko kwenye ukanda wa Lusaka. Basi linaloondoka Tunduma saa 11 alfajiri litaandikwa kwake kuwa la saa 10, ilhali kondakta, mkata tiketi na saa ya stendi wote wanasema 11. Wakati wa safari unapaswa kuandikwa kwa ukanda wa kituo ambacho basi linaondokea, na wakati wa kufika Lilongwe kwa ukanda wa Malawi, hata kama simu ya abiria inasema vingine. Ukanda ni sifa ya kituo, na uhifadhiwe kwenye jedwali la vituo.

Linabaki suala ambalo sijalimaliza. Basi la 02:00 la Alhamisi huondoka «saa nane usiku», lakini usiku wa siku gani? Wengine wakisikia «Alhamisi usiku» huwaza giza linaloanza Alhamisi jioni, na wengine, hasa waliolelewa katika hesabu ya siku inayoanza magharibi, huwaza giza la kuelekea Alhamisi. Kwa safari zote za usiku huo za kabla ya saa kumi naandika «usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa 8», na chini yake `02:00` kwa anayesoma simu. Saa 04:00 naiandika «saa 10 alfajiri», ingawa fundi mwenzangu wa Iringa anasisitiza kwamba hiyo bado ni usiku, nami sina hoja ya kumshinda.